Maji ya pale kwenye kona

Bunia, 16 février

Yaya Angélique,

Samaki ulituma kutoka Mahagi ilifika muzuri, watoto wanakusalimia. Lakini usiniambie tena nitulize roho.

Ile mashindano ya pikipiki waliiweka mu barabara za kartie yetu, na mashimo iko kila fasi. Bwana yangu Ephraïm naye alijiandikisha kushindana, akazunguka juma nzima na pikipiki yake mupaka akajua kila shimo. Sasa asubuhi ya mashindano, komite yenye kuyatayarisha ikasema wakubwa wanakuja na suti nyeupe, vumbi isiwaguse. Wakaamuru wamama tumwange maji ku barabara. Udongo mwekundu, Yaya. Hata mutoto mudogo anajua ikilowa inateleza.

Ephraïm alianguka pale kwenye kona ya soko, mguu ikavunjika fasi mbili. Wakubwa walipiga makofi, wakaenda kula mbuzi na suti zao safi. Hakuna hata mumoja alikuja kumuona ku hopitali.

Kila siku ananiuliza: «Christella, nani alimwanga maji pale?» Namujibu: «Ni komite.»

Bidon ya maji ya pale kwenye kona ilikuwa yangu, Yaya. Nilirudi ku kisima mara tatu.

Mudogo wako,
Christella