Saa Moja Hadi Mtwara

Baba yangu,

Ndege ya asubuhi imepita sasa hivi juu ya bati letu hapa Vingunguti, nami nikakukumbuka ulivyokuwa ukinyamaza mpaka ipite, kisha unaendelea palepale ulipoachia.

Unakumbuka tulivyokwenda kumwona Bibi alipozidiwa? Mie nilikuwa mdogo, hata shule sijaanza. Ulifunga banda lako la vinyago Mwenge, tukapanda basi la kusini. Masika yalikuwa yamekolea. Kabla ya kuufikia mto Rufiji basi likazama kwenye tope, wanaume wakashuka kusukuma, tukalala njiani, tukaamka njiani. Tulipofika Mtwara, Bibi alikuwa ameshazikwa. Dada yako, Shangazi Somoe, alitupokea mlangoni. "Alikuulizia mpaka mwisho," akasema. Ulikwenda makaburini ukakaa huko hadi giza likaingia.

Ndiyo maana mwaka jana, Shangazi alipolazwa, sikukuuliza. Nilikata tiketi za ndege. Ulikuja juu.

"Mie na angani wapi na wapi? Si siku hizi barabara ni lami?"

"Kwa basi ni kutwa nzima, Baba. Kwa ndege ni kama saa moja."

"Saa moja? Mpaka Mtwara?"

Ukaenda kupiga pasi kanzu.

Ulikaa dirishani, umeng'ang'ania mkono wangu. Baada ya kitambo ukamwita mhudumu. "Binti, samahani, Rufiji bado?"

Akatabasamu. "Tumeshaivuka zamani, mzee. Tunakaribia kutua."

Ukageukia dirisha. Nilidhani unatazama mawingu, mpaka nilipoona mabega yako yanatikisika. Ukasema taratibu, "Kumbe ni karibu hivi." Nikakushika tu.

Shangazi tulimkuta hai. Alipokuona alicheka hadi muuguzi akaja kuchungulia. "Umepanda ndege, wewe? Wewe uliyekuwa ukiogopa kukwea mnazi?" Mkashinda mnataniana kama watoto, wewe ukimlisha uji, yeye akilalamika kuwa hauna sukari. Akapona, Baba. Nani angejua kwamba wewe ndiye utakayetangulia?

Uliondoka alfajiri. Wazee wa msikiti walitaka tukuzike adhuhuri. Nikawaomba, "Tusubirini mpaka alasiri. Dada yake yuko Mtwara."

Mmoja akatikisa kichwa. "Mtwara, mwanangu? Leo hii?"

"Anakuja na ndege, mzee. Tiketi nimeshamkatia."

Wakatazamana. Wakasubiri.

Alifika na khanga alizovaa tu, hana hata mkoba. Ulikuwa umeshaoshwa na kuvishwa sanda. Tukamfunulia uso wako. Akapiga magoti kando yako, akazungumza nawe Kimakonde, maneno ambayo mengine sikuyaelewa na sikutaka kuyauliza. Alipomaliza, akakufunika mwenyewe, polepole. Ndipo wanaume wakaingia kukubeba.

Kwa siku nyingi nilikuwa na hasira kwamba umeniacha mapema. Bado ninayo kidogo. Ila nikiikumbuka ile mikono ya Shangazi ikikufunika, roho yangu hutulia. Yupo nami bado. Kila siku anasema atarudi kwao, wala hasemi lini. Sasa hivi ananiita jikoni, anataka nimkunie nazi.

Acha niende. Pumzika, Baba.

Ni mie,
mwanao wa pekee