Koti la Mablanketi Mawili

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, Jumanne asubuhi

Mdogo wangu mpendwa Lucie,

Kosa wanalofanya watu wengi wakiona picha ya mtu aliyevaa vizuri ni kuuliza nguo ameipata wapi kabla hawajamtazama usoni. Nimeanza na hilo hata kabla ya kukusalimu, na najua utasema yaya, kaka yako mkubwa, ameanza tena ualimu wake. Basi pokea salamu zangu. Hujambo wewe, na hajambo mama yetu? Yale maji ya moto yenye chumvi niliyokuelekeza yanamsaidia mguu, au bado anayamwaga ukigeuka? Sisi huku tu wazima. Nsima, ugali wa huku, tumeizoea mpaka tumesahau kuilalamikia, na kwaya ya kanisa bado inazidi kwa sauti kuliko kwa ufundi.

Hii ni mara ya tatu naanza barua hii, mbili nimezichana. Naandika mistari mitatu, nasimama, natoka mpaka mlangoni, narudi. Nikiimaliza nitampa René aipige picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, akutumie. Najua ataisoma. Ni haki yake aisome.

Umeniuliza mara mbili kwa nini mwanao Benedicte hapokei simu zako. Nitafika huko, nivumilie. Lazima nikueleze mambo kwa mpangilio, la sivyo hutaelewa.

René ndiye kijana anayepiga picha za vitambulisho karibu na soko. Mwaka huu alianza kazi nyingine: kuwapiga picha mafundi cherehani wa hapa, kila mmoja akiwa amevaa nguo aliyoishona mwenyewe. Mama mmoja Mmalawi wa Area 47 alikubali picha hizo zitundikwe katika ukumbi wake, mjini Lilongwe, kwa mwezi mzima.

Wengine walishona magauni ya harusi. Binti yako alichukua mablanketi mawili ya kijivu, yale tuliyopewa siku tulipofika hapa akiwa na miaka tisa, akakata koti refu linalofika chini ya magoti. Kola aliisimamisha kama ya padri. Ndani aliweka kile kitenge cha buluu ulichomfungia nguo zake wakati wa kuondoka, kwa hiyo akitembea unaona buluu inatokea kidogo na kupotea. Alilishona majuma sita. Pale bombani wanawake walimcheka wakimwita Madame Blanketi, na Kabibi, jirani yetu, akapaza sauti: “Baridi ikikuja, mi nitalala mu mukono ya ile koti!” Benedicte akamjibu kwamba mkono wa kushoto una mtu tayari, aulizie wa kulia. Alikuwa na furaha, Lucie. Nataka ujue hilo.

Siku ya ufunguzi nilipata ruhusa ya kutoka nikaenda naye. Tulipopita Kanengo, tukikaribia mjini, alikuwa bado ananyofoa uzi kwenye kola. Sikuwa nimeiona picha yenyewe. Nilitarajia kitu cha ukubwa wa daftari. Nikakuta ina urefu wa mlango. Amesimama mbele ya ukuta wetu wa matofali ya udongo, kidevu juu, mkono mmoja kiunoni, mguu wa kushoto mbele, katika sandali zake za plastiki.

Unaikumbuka ile picha ya studio kule Bukavu, baba alipotupeleka wote? Ulivaa viatu vya kuazima, vikubwa, tukavijaza magazeti, nawe ukauweka mguu wa kushoto mbele ili vionekane. Baba akakuambia uurudishe, ukakataa. Picha ile ilipotea pamoja na nyumba, na Benedicte hajawahi kuiona. Nani amemfundisha mguu ule? Nilisimama pale nikahisi joto masikioni, kama mtu aliyetajwa mbele ya watu. Nilitaka kuondoka na nilitaka kubaki. Nikawa naenda mpaka dirishani, narudi.

Ndipo bwana mmoja mwenye suti akamwuliza René kama kweli binti huyu anaishi kambini, maana haonekani hivyo. Alisema akicheka, wala hakuwa na ubaya. Mimi sikucheka naye.

Hapa lazima nieleze. Kwa miaka mingi mimi ndiye ninayewaandalia watu wa hapa picha zao. Wageni wenye kamera wakija, au mtu akitakiwa picha ya faili lake la kuombea kuhamishiwa nchi nyingine, huja kwangu kwa sababu nimesoma. Mimi huwaambia: vua saa, vaa kitenge kilichopauka, usicheke, tazama chini kidogo, mtoto akae mbele. Niliamini kwamba mtu akionekana nadhifu, faili lake litawekwa chini ya mengine. Hakuna ofisi iliyowahi kuniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, kisha nikawafundisha wengine mpaka ikawa kama sheria. Hata Mzee Nsengimana, aliyekuwa mrefu kuliko sisi sote na akipenda tai zake, nilimwagiza apigwe picha akiwa ameinama, na hiyo ndiyo picha tuliyoibeba mbele ya jeneza lake. Mjane wake hakuitundika nyumbani. Anasema huyo si mume wake.

Sasa faili letu limeitwa, mimi na Benedicte; tutahojiwa mwezi ujao. Nikaona uso ule ukutani, mkubwa kama mlango, hauombi kitu kwa mtu, na juu yake blanketi la msaada lililokatwa kwa mkasi. Nikaogopa.

Nilimwomba Benedicte aishushe picha, akakataa. Aliniambia kwa heshima, “Mjomba, ile ni kazi yangu. Bakiiona, njo banione.” Kwake, kuiona kazi ile ndiko kumwona yeye mwenyewe. Nilibishana naye siku mbili, na kila hoja yangu ilikuwa na jibu kwake. Hapo, mdogo wangu, nikafanya ninalokuandikia. Nilimwambia kwamba umeiona picha kwenye simu ya mtu huko Bukavu. Nilisema umelia kwa aibu kuona kitenge chako kimeshonewa ndani ya blanketi, na kwamba umekataza isionekane tena.

Hakubisha. Alisema, “Kama ni Mama, basi.” Alikwenda mwenyewe Lilongwe na René, akaishusha kwa mikono yake, na koti akalikunja akaliweka chini ya cherehani. Tangu siku hiyo anashona marekebisho ya nguo za wengine tu, na simu ikiita jina lako anaigeuza kifudifudi. Mimi nilikuambia betri yake imeharibika. Betri ni nzima.

Alhamisi nilikwenda hospitali ya Likuni kupimwa macho, na kabla ya kurudi nikapitia Area 47, sijui kutafuta nini. Msumari bado upo ukutani. Chini yake René ameacha kile kikaratasi chenye jina la Benedicte. Mama anayefagia ukumbi alinisalimu akaniuliza yule dada wa blanketi amekwenda wapi. Alisema kila asubuhi akiingia alikuwa akimwamkia, kwa sababu yule wa pichani alikuwa anamtazama kama mtu anayengoja kuamkiwa. Nikamwambia zikomo, yaani asante, nikatoka nje, na kwa muda nilishindwa kukumbuka njia ya stendi.

Ijumaa nilimweleza Benedicte ukweli wote. Alinisikiliza, akanipigapiga begani kama mtu anavyombembeleza mzee, akasema anashukuru ninavyojaribu kumfariji. Haniamini. Uongo wangu aliuamini mara moja kwa sababu ulikuwa na jina lako ndani yake, na ukweli wangu hauna nguvu hiyo.

Nisamehe, Lucie. Uliniachia mtoto, nami nikaitumia sauti yako kumnyamazisha. Kuhusu mahojiano, nimeacha kuhesabu nani atatuonaje. Nitakwenda na tai.

Picha nyingine zitabaki ukutani mpaka Jumapili. René anakwenda mjini kesho asubuhi, na yuko tayari kuibeba ile tena, mradi Benedicte mwenyewe akubali. Nimemwomba René akutumie picha yenyewe pamoja na kurasa hizi. Itazame kwanza wewe peke yako. Utazame ule mguu.

Msalimie mama, umwambie asimwage maji. Wasalimie wote wa kanisani wanaonikumbuka.

Ni mimi yaya wako,
Balagizi

Simu yake hataipokea, kwa hiyo nitakuwa nimeketi kando ya cherehani yake na simu yangu mkononi: leo, saa kumi jioni, piga namba yangu, nimpe aisikie sauti yako mwenyewe.