Faili Lililofutwa Jina

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Kidoti
Umri: miaka 22
Elimu: darasa la saba
Kazi: usafi, ghala la baridi la chanjo
Makazi: chumba cha uani, nyuma ya kiwanda cha matofali. Naishi na mwanangu, miezi minane.

Nimeonywa niseme kweli, nami nasema kweli.

Ghala letu lina kompyuta moja. Ndani yake kuna programu inayofungua faili kila Jumatatu asubuhi na kuliacha wazi wiki nzima. Kila jambo linaandikwa humo mstari mmoja, na saa yake: nyuzi za baridi, mlango umefunguliwa, nani kabonyeza nini. Hata mimi nikimaliza kupiga deki naandika mstari wangu. Fundi wa kompyuta ndiye aliyenifundisha. Ni mtu mzima, namwita baba.

Mwezi uliopita nilipokuwa nafuta vumbi kwenye vibonye, kitambaa changu kilifuta faili lote. Nililia. Fundi akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Mwanangu, umefuta jina tu. Programu bado imelishika mkononi na inaendelea kuandika. Nitalitoa. Ila ungezima mashine, hapo tungezika." Akalitoa kweli, nikaona kwa macho yangu.

Leo Alhamisi tarehe 14, saa 4:12 asubuhi, nilikuwa nafuta meza ya kompyuta, mtoto mgongoni. Kwenye kioo cha kompyuta ulitokea mstari: BARIDI IMEZIMWA: MSIMAMIZI. Nilimwona msimamizi wa ghala akiingia chumba cha baridi kupanga masanduku ya chanjo. Alipotoka alikuwa anaongea na simu. Mstari wa kuwasha sikuuona. Nilidhani ndiyo kazi yao, nikanyamaza. Hilo linaniuma.

Saa 6 mchana muuguzi alikuja kuchukua chanjo, akakuta masanduku yana uvuguvugu. Saa 6:20 msimamizi akaniambia, "Mama Kidoti, hebu kafute vioo vya mbele." Vioo vya mbele nilishavifuta. Nikaenda. Niliporudi, yeye anainuka kitini, na faili halipo kwenye orodha. Nikapiga deki, nikaandika mstari wangu kama kawaida. Ulikubali.

Saa 8 mchana askari walimchukua fundi. Msimamizi alisema, "Huyu kazima baridi, kisha kafuta ushahidi." Fundi akageuka mlangoni akaniambia, "Mwanangu, mashine isilale." Watu wakasema mzee kachanganyikiwa. Mimi nilielewa. Nikaja hapa kwa miguu.

Afande ameniambia, "Mama, kompyuta ni kielelezo, msimamizi anaichomoa atuletee." Nimemwomba asiichomoe. Afande akasema, "Sasa kielelezo kitafikaje kituoni?" Nikamjibu, "Afande, kituo ndicho kiende kwake." Amecheka, lakini amepiga simu.

Nina jambo moja zaidi. Mle ndani kuna mistari yangu isiyo ya usafi. Baba wa mtoto alikwenda kutafuta kazi, mwezi wa tano sasa simu yake haipatikani. Nyumbani sina wa kuongea naye. Pale ukiandika, neno lako linapewa saa yake kama neno la mtu yeyote. Niliandika mtoto kaota jino. Niliandika na mengine. Najua naweza kufukuzwa kazi kwa hayo. Lifunguliwe tu. Ila naomba mistari yangu isisomwe mbele za watu.

Niliyoyaona yanaishia hapo. Nimeandika kwa mkono wangu, nimesomewa, nimeridhika.

Sahihi: Mama K.
Saa 10:15 jioni

MAELEZO YA AFISA: Nimefika ghalani saa 10:50 jioni na mtaalamu wetu. Msimamizi alikuwa ameshika waya wa umeme. Mashine ilikuwa inawaka. Faili limetolewa likiwa kamili, na mstari wa saa 4:12 upo kama shahidi alivyoeleza. Wa kufuta, saa 6:23, una jina lile lile. Fundi ametoka mahabusu saa 12 jioni. Mistari ya shahidi ni thelathini na mmoja. Sikuisoma, isipokuwa wa mwisho, wa saa 6:41, ulioandikwa faili likiwa halina jina: "Nimepiga deki. Kama kuna mtu anasoma hapa, sisi tuko wazima."