Neno Nililoandika Kwenye Fomu Yako

Ina-adeer Hassan, mwana wa ami yangu,

Amani iwe juu yako huko Hulugho ulikolala, na juu ya wale vijana waliozikwa pamoja nawe.

Nakuandikia kwa Kiswahili, ingawa mimi na wewe hatukuongea Kiswahili ila kwa mzaha. Ile ofisi niliyokuwa karani ilikuwa ya Kiswahili, na kosa nililokutendea nililitenda ofisini. Tena nataka watoto wa bintiyo Halima waweze kuisoma barua hii nikishaondoka. Daktari anasema figo zangu zimechoka. Mwanangu anasema nitapona. Mimi namwamini daktari.

Unakumbuka siku chifu alipokuja Balambala akasema kila ukoo utoe mtoto mmoja wa shule. Wazee wetu walikaa mchana kutwa wakijadiliana. Hakuna aliyeuliza nani ana akili. Waliuliza ni nani akiondoka ngamia hawatamkosa. Mimi nilikuwa nimeshapoteza mbuzi mara mbili kwa kulala malishoni, ndiyo maana ukanipachika jina la Hurdo, Usingizi, na kijiji kizima kikalipokea. Basi wakanitoa mimi. Wewe ulikuwa unamtambua ngamia kwa nyayo zake, na unajua ni yupi ataugua kabla hajaugua. Wewe wakakubakisha. Watu wetu walifanya hivyo kila mahali: mtoto mwerevu alibaki na mali, yule wa ziada akapewa serikali. Hawakujua kwamba mali ndiyo itakayoondoka.

Nilipokuwa bwenini, miaka ile yote, ulikuwa unaniandikia. Kwa herufi za Kiarabu ulizojifunza dugsi, mbele ya mwalimu wa Kurani, kwa maneno ya Kisomali, kwenye karatasi za majani ya chai, ukiwapa wafanyabiashara wa ng'ombe waniletee. Mvua imenyesha wapi. Ngamia gani amezaa. Nani ameoa, na mahari yake imelalamikiwa vipi. Mwisho wa kila barua uliniuliza kama nimeamka. Nilizisoma peke yangu nyuma ya bweni, nikicheka na kulia. Nakukumbusha barua hizo kwa sababu utaona mbele kwamba nilizijua vizuri.

Kisha vita vya serikali na shifta, waasi wa Kisomali, vikaja. Mwaka wa tatu wa vita hatukuwa na ngamia hata mmoja. Wengine walichukuliwa, wengine walipigwa risasi malishoni, na waliobaki walikufa kwa kufungiwa pamoja nasi ndani ya kile kijiji cha seng'enge serikali ilichotukusanya. Wanaume ambao hawakuwahi kuajiriwa na mtu walipanga foleni nje ya dirisha langu wakitaka kazi. Mimi ndiye niliyekuwa karani wa ofisi ya maji na barabara, Msomali pekee mle ndani, mwenye kalamu mbili mfukoni.

Kazi ziligawanywa kwa fomu. Asiye na darasa lolote aliandikwa kibarua: sepeto, kufyeka vichaka, kubeba mawe, akilipwa unga na shilingi chache mwisho wa wiki. Mwenye darasa la nne alikuwa nyapara, akishika orodha na fimbo. Mwenye darasa la nane alikaa stoo kivulini. Mwenye cheti cha ufundi alilipwa mara kadhaa ya kibarua, tena kwa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Na mimi niliyemaliza shule ya upili nilikuwa juu yao wote, ila si mbali sana juu ya fundi. Kurani haikuwa na nafasi kwenye fomu. Ulikuwa umehifadhi Kurani nzima, unaweza kugawa mirathi ya mtu mwenye wake watatu bila kushika kijiti cha kuandikia, na fomu ikakuita asiye na elimu. Ulipofika dirishani ulicheka. Ukaniambia, "Hurdo, niandike na mimi. Leo wewe ndiye mchungaji."

Nilikuandika kibarua. Hilo si kosa ninaloungama. Siku hiyo hapakuwa na kazi nyingine.

Kosa lilianza na injini ya kisima. Fundi wa maji alikuwa Musyoka, Mkamba, mtu mpole mwenye cheti cha kweli, lakini mitambo aliyofundishwa haikuwa mikongwe kama ile. Injini ikazima siku tatu. Ndani ya seng'enge watu wakaanza kuchimba mchanga kwa mikono, na kina mama wakagombana kwa ajili ya maji ya kopo moja. Wewe uliweka sepeto lako chini ukaenda kwake bila kuitwa. Musyoka mwenyewe alinisimulia, akiigiza Kiswahili chako: "Fundi, injini iko mzima. Hewa naingia kwa bomba ya dizeli. Wewe toa hewa, yeye taamka." Ukafungua skrubu moja, ukatoa hewa, ukaiwasha. Kisha ukaona pampu inavuja maji shingoni. Ukaenda kwa mzee mmoja, ukakata kipande cha ngozi ya ngamia kutoka kwenye kiatu chake, ukakiloweka kwenye samli, ukakizungusha pale. Pampu haikuvuja tena hadi ilipong'olewa. Musyoka alikuuliza ulijifunzia wapi. Ulimwambia kwamba kwenye kisima cha Eldas ngamia walikuwa wakisubiri zamu siku mbili nzima, na mwendesha injini wa pale alipenda kutafuna miraa kuliko kufanya kazi, kwa hiyo mtu ilibidi ajue.

Kwa wiki tano ukawa unaifufua injini ile, na mwisho wa wiki unarudi foleni kupokea unga wa kibarua. Musyoka aliona haya. Akaandika barua kwa wakubwa wake akiomba uajiriwe msaidizi wa fundi, na kwamba wewe ungeweza kufaulu jaribio la ufundi hata kesho. Alikuambia ameandika. Ndiyo maana ukaanza kupita dirishani kwangu.

Jibu lilifika mikononi mwangu, Hassan. Nilikuambia bado. Lilikuwa limefika.

Walikubali. Walisema, kwa mahitaji ya wakati ule, mtu anayeijua mitambo yafaa aajiriwe hata kama hana shule. Wakaambatisha fomu ya ukurasa mmoja, wakataka karani wa kituo athibitishe jambo moja tu, maana msaidizi lazima aandike saa za injini kwenye kitabu. Swali lilikuwa: Je, mwombaji anajua kusoma na kuandika?

Nilikaa na fomu ile kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Barua zako zote nilikuwa nazo chumbani, ndani ya sanduku la bati. Nikaandika: Hapana.

Kwa miaka mingi nilijitetea moyoni. Nilisema niliogopa. Kila Msomali mwenye kazi ya serikali alitazamwa kama shifta, na ningempendekeza mwana wa ami yangu wangesema ninawaingiza watu wangu. Hofu hiyo ilikuwepo, lakini siyo iliyoshika kalamu. Wasomali wengine niliwapendekeza na sikufanywa kitu. Nilisema pia kwamba herufi za Kiarabu si kuandika kwa serikali. Ningeweza kukufundisha zile za Kizungu kwa wiki mbili, na nilijua.

Ukweli ni huu. Tangu utotoni ulinishinda kwa kila kitu. Ulinishinda kukimbia, kuhifadhi, kutunga shairi, hata mama yangu alikuchekea kwa furaha kuliko alivyonichekea mimi. Nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho wewe hukuwa nacho, miaka yangu ya darasani. Na sasa ungeingia mle ofisini na mikono yenye dizeli, kwa kiraka cha kiatu, ulipwe karibu na mimi, na uniite Hurdo mbele ya makarani. Nilifikiria hasa hilo. Mtu mzima, mwenye kalamu mbili.

Ulikuja mara tatu kuuliza. "Wamejibu?" Nami, bila kuinua macho: "Bado." Mara ya tatu ulisema, "Labda barua yenyewe imelala kama wewe." Ukacheka, ukaondoka. Wakati huo jibu la pili lilikuwa limeshakuja, kwamba kutokana na taarifa ya karani, mwombaji abaki kibarua.

Mkeo alikuwa na mimba ya miezi minane. Ilipotangazwa kazi ya kufyeka barabara ya Hulugho, yenye nyongeza ya unga kwa sababu kila mtu alijua kilichozikwa kwenye barabara zile, ulikuwa wa kwanza kujiandikisha. Jina lako kwenye orodha ile ni mwandiko wangu. Ningeweza kulikata. Nililiandika vizuri, kwa herufi kubwa.

Lori lilikanyaga bomu siku ya nne. Walitusomea majina ofisini kwa mpangilio wa orodha yangu.

Sasa nakuja kwenye ubaya ambao pengine ni mkubwa zaidi, kwa sababu ule wa kwanza niliufanya asubuhi moja na huu nimeufanya maisha yangu yote. Nilikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule, kisha mzee wa kualikwa. Garissa nzima nimewahutubia watoto. Na kila mara nilikutaja. Nilisema nilikuwa na ndugu mwerevu kuliko wote, lakini hakusoma, akafa na sepeto mkononi. Someni, msife kama Hassan. Walimu walinipigia makofi. Halima, bintiyo aliyezaliwa wiki mbili baada ya wewe kufa, alikuwa anakaa mstari wa mbele.

Alisoma, akawa muuguzi. Watoto wake wamesoma zaidi, na hapo hadithi yangu ilianza kunisuta. Mdogo wao ana diploma ya mitambo na amekaa miaka minne kwenye vibanda vya chai. Kila anapokwenda wanamwambia cheti ni kizuri, uzoefu uko wapi? Vyeti vimejaa mjini, kazi ndiyo hamna, na ikiwepo ina mtu wake dirishani. Mwezi uliopita alikuja kunisalimia. Akaniambia kwa kejeli, "Babu, mimi nimesoma. Mbona nimekuwa Hassan?" Sikulala siku kadhaa.

Tumefundishwa, mimi na wewe, na mwalimu yule yule, kwamba haki ya mja Mungu haisamehe mpaka mja mwenyewe asamehe. Aliyekufa, huombwa warithi wake. Nikamwita Halima Jumatatu. Nilimwambia yote, kama nilivyokuandikia. Hakulia. Aliuliza swali moja:

"Adeer, baba alijua kwamba walimkubali?"

"Hakujua. Nilimwambia bado."

Alisogeza kando kikombe chake cha chai. Kisha akasema, "Nimekuwa namwonea aibu mtu aliyefaulu." Akafunga mtandio wake. Mlangoni akasema ya kwake amenisamehe, kwa sababu mimi ni mgonjwa na yeye ni muuguzi. Ya kwako si yake kuyatoa.

Kwa hiyo nakuandikia wewe, na sitegemei kujibiwa.

Ninachoweza kukuahidi ni kidogo. Ijumaa hii baada ya sala nitabebwa hadi msikitini, na imamu amekubali kunipa nafasi. Wengi watakaokuwepo walinisikia wakiwa watoto nikiwahutubia juu yako. Nitasema neno nililoandika na kwa nini niliandika. Nitasema ulijua kusoma, na nitawaonyesha barua zako, kisha zitakuwa mali ya Halima. Nimemwomba aje na wanawe. Amesema watakuja. Hakusema kama watakaa hadi mwisho.

Wakiondoka wote, mimi nitamaliza.

Kwaheri, ina-adeer. Sitakawia.

Nduguyo,
Yusuf