Pikapu ya Watu wa Theluji

Kitengela, Julai 2004

Lemayian ndugu yangu, supa?

Sisi tuko, mvua ndiyo haiko.

Pikapu uliyotutumia kutoka kiwanda chenu huko Afrika Kusini ilifika. Lakini nyinyi watu mkoje? Ile ya zamani ilikuwa juu, inapita mawe ya njia ya bomani bila wasiwasi. Tangu Wazungu wanunue hiyo kampuni, wameishusha mpaka tumbo linakwaruzwa na kila jiwe. Nyuma hakuna hata mahali pa kufungia mbuzi. Kitu iko nayo ni swichi ya kupasha kiti joto. Kiti, Lemayian! Huku Kajiado! Nani aliwaambia tunaona theluji?

Nilikuwa nimeshapata mnunuzi Kiserian. Nikaenda kuiosha, nikakuta yeyo, mama yetu, ameketi ndani, swichi imewashwa, amefunga macho. Akaniambia, "Soipan, mtoto wangu alikumbuka mgongo wangu."

Ningemwambia ukweli? Kwamba ni matajiri wa mbali waliamua, na hakuna aliyemkumbuka? Mnunuzi nikamrudisha. Sasa kila asubuhi mama yetu anaketi humo, gari haiendi popote, betri inakufa, na mimi ndiye wa kusukuma.

Daktari alinivuta kando akasema huo mgongo si wa baridi, na dawa zimefika mwisho, haziwezi kumponya tena.

Usitume gari ingine. Njoo mwenyewe. Na akikushukuru kwa kile kiti, tafadhali, kubali ni wewe uliagiza.

Ni mimi dada yako, mikono imejaa vumbi la gari lenu,
Soipan