Taa ya KOSA Ukumbini kwa Bi Mwanakhamis

KAMATI YA UMEME WA JUA, MTAA WA BONDENI, VITONGOJI, PEMBA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni 2025, baada ya Sala ya Alasiri
Mahali: Ukumbini kwa Bi Mwanakhamis Masika, kilipo kisanduku kinacholalamikiwa

Waliohudhuria:
Bw. Othman Masoud – Mwenyekiti
Bw. Ishak Nyange – Makamu, mwenye kibanda cha juisi
Bi Asma Hija – Mjumbe
Hafiz Ashraf – Katibu

Walioalikwa:
Fundi Suhail, kutoka Wawi
Bi Mwanakhamis, mwenye nyumba na mlalamikiwa

Asiyehudhuria:
Bi Shadya, Mjumbe – yupo Unguja tangu Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi ndogo. Udhuru haujafika.

KUMB. NA. 1/06/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa dua saa 10:20 na kusema kitakuwa kifupi. Bi Mwanakhamis alikuwa ameshatandika jamvi na kupanga vikombe vinane, ingawa watu wote pamoja na yeye walikuwa sita. Kwa mtu aliyeitwa kujibu mashitaka, alionekana mwenye furaha.

KUMB. NA. 2/06/2025: KUKATIKA KWA UMEME

Mwenyekiti alieleza kwamba kwa miezi miwili sasa nyumba tisa zinakatikiwa umeme kila siku baada ya Alasiri. Alikumbusha kwamba paneli za jua na betri za volti 24 zimewekwa kwa Bi Mwanakhamis kwa kuwa paa lake halina kivuli, na kwamba kisanduku cha ukumbini ndicho kinachoushusha umeme hadi volti 12 kabla haujagawiwa. Kikijizima huwaka taa nyekundu, ambayo chini yake Fundi Suhail alibandika karatasi yenye neno KOSA. Hapo lazima mtu aje abonyeze kitufe. Mwenyekiti alisema palipoandikwa kosa pana mkosaji, na kwamba kisanduku kimo ndani ya nyumba ya mtu mmoja tu.

Bw. Ishak aliongeza kwamba kubonyeza kitufe ni kazi ya nukta moja, lakini yeye hajapata kutoka humu chini ya saa nzima. Kuna kahawa, kuna mguu unaouma, kuna habari za binti yake Mwanaasha aliyeolewa Unguja, tangu harusi mpaka mjukuu wa tatu.

Bi Mwanakhamis alisema mjukuu wa nne amezaliwa.

Fundi Suhail aliomba radhi kwa karatasi. Alitaka kuandika HITILAFU lakini karatasi haikutosha. Alisema, "Kisanduku hakimshitaki mtu, Mwenyekiti. Kinajilinda." Alifafanua kwamba waya zikigusana, au umeme ukivutwa kupita ampea 15, hujizima kabla hakijaungua. Mwenyekiti aliuliza tena ni kosa la nani. Fundi alieleza tena.

KUMB. NA. 3/06/2025: PENDEKEZO LA KUONGEZA VOLTI

Bw. Ishak alipendekeza volti zipandishwe hadi 15 ili umeme uwe na nguvu usikatike. Fundi alisema hilo litaua taa na redio za watu. Alieleza kwamba kisanduku huonja umeme kinaoutoa kama mpishi anavyoonja mchuzi, kikaongeza au kupunguza, na skrubu ndogo ya pembeni ndiyo inayokiambia ladha inayotakiwa. Alipima mbele ya kikao: 12.0 barabara. Skrubu haijaguswa.

Bi Asma aliuliza ni kitu gani basi kinachovuta umeme mwingi hivyo kila siku baada ya Alasiri, na kama juisi ya Bw. Ishak siku hizi inasagwa kwa mkono. Bw. Ishak alisema blenda yenyewe ndogo. Fundi alikwenda kuipima akarudi na jibu: ampea 18. Bw. Ishak alisema hakujua. Katibu ameandika kama ilivyosemwa.

KUMB. NA. 4/06/2025: KIDARAJA

Fundi alifungua mfuniko akaonesha kidaraja cha plastiki chenye mikao miwili. Kikikaa mkao wa kwanza, kisanduku kikijizima hungoja kidogo kikajiwasha chenyewe. Kikikaa wa pili, hubaki kimezimika mpaka aje mtu. Fundi alisema yeye alikiacha mkao wa kwanza. Sasa kimekutwa wa pili. Alikumbuka kwamba siku ile ya kufunga, ni mtu mmoja tu aliyeuliza kidaraja kile kazi yake nini.

Wajumbe walimtazama Bi Mwanakhamis. Alikuwa anapanguza kikombe kilichokuwa kikavu. Alisema:

"N'likisogeza mie. Siku ya mwanzo taa zilipozima mlikuja watatu kuuliza. Mara kikajiwasha chenyewe, mkarudi mlangoni hata hamjakaa. Kikijiwasha chenyewe, mie nani atanipigia hodi?"

Kisanduku kilisikika kikivuma.

Ilikubaliwa kwamba: blenda iondolewe katika laini, kidaraja kirudishwe mkao wa kwanza, mlalamikiwa asipewe adhabu. Mwenyekiti alitaka karatasi ya KOSA ibanduliwe. Bi Mwanakhamis aliomba iachwe, ameshaizoea.

KUMB. NA. 5/06/2025: MENGINEYO

Katibu alitoa hoja kwamba volti zipimwe kila siku baada ya Alasiri na kuandikwa daftarini, kwani skrubu huweza kuhama kwa joto. Mwenyekiti aliuliza joto gani mwezi wa sita. Fundi Suhail alimtazama Katibu, kisha akasema inawezekana.

Mwenyekiti alisema, "Hafiz, wewe nawe kwako hakuna anayekungoja. Haya, panga hizo zamu." Zamu zilipangwa kwa wajumbe wote.

KUMB. NA. 6/06/2025: KUFUNGA KIKAO

Kikao kilifungwa saa 11:30. Saa 11:33 ukumbi ulikuwa mtupu. Vikombe vitano havikuguswa.

NYONGEZA YA KATIBU WAKATI WA KUNAKILI, JUMAMOSI 21 JUNI

Kutoka katika daftari la vipimo:
Jumapili – Bi Asma, 12.0. Alikaa.
Jumatatu – Mwenyekiti. Alipiga simu kuuliza kama taa zinawaka. Zinawaka.
Jumanne – Bw. Ishak. Hakufika.
Jumatano hadi leo – Katibu, 12.0, pamoja na zamu za wenye udhuru.

Kisanduku kinafanya kazi ipasavyo. Hakijajizima hata mara moja, na tangu Jumapili hakuna mwengine aliyepiga hodi. Leo Bi Mwanakhamis aliuliza kama Katibu anajua kukisogeza kile kidaraja. Katibu alijibu kwamba anajua, ila hakuna haja. Kipimo cha leo hakijamalizika. Akaomba kikombe cha pili.

Mwenyekiti: O. Masoud (saini ilifuatwa kwake)

Katibu: H. Ashraf (ametia saini hapa hapa, ukumbini)