Sofia Amezaa, Kukhu

Kukhu, mke wangu,

Mulembe. Ni mimi mjukuu wako Muchera. Usicheke mwandiko. Shule niliacha darasa la saba, na hata wangenivumilia sidhani wangenifundisha kumwandikia mtu aliye chini ya udongo. Kwa hivyo naandika vile ningeongea, nimekaa hapa verandani Khayega, pale cherehani yako ilipokuwa.

Nianze na habari kubwa. Sofia amezaa. Ndiyo, Sofia kinyonga wako, yule uliyeniaibishanga kwa ajili yake kila Jumamosi mbele ya watu. "Muchera amemnenepesha huyu kama karani wa kiwanda cha sukari. Mpunguzie panzi, ni mafuta hayo." Mafuta, Kukhu! Ilikuwa mimba. Mimi nilikuambia tumbo hilo lina mambo, ukaniambia mdomo wangu ndio una mambo. Sasa nimekushinda, siku moja tu maishani nimekushinda, na wewe umeenda kabla sijakucheka. Hiyo ni tabia gani?

Lakini karibu asizae. Sikiliza.

Ile siku ya kunyoa, baada ya mazishi, tulikaa wote uani vichwa viking'aa kama mabakuli. Walianza kugawa vitu vyako. Cherehani ikaenda kwa binti yako Senje Rasoa, blanketi zikaenda kwa wake za wanao, kuku wakagombaniwa kidogo. Halafu macho yote yakafika kwa lile sanduku la nyanya ulilolizungushia wavu wa mbu, Sofia ndani, mweusi tii juu ya tawi lake. Hakuna aliyesema "langu." Watu walianza kukohoa.

Baba mdogo Ainea akasimama. Unamjua mtoto wako, akisimama ni kama ameitwa na Bunge. Akasema, "Hicho kidudu kichomwe. Mama alikuwa akikohoa kidogo tu. Ni nani haijui hadithi? Kinyonga ndiye alituapiza tufe."

Kweli hadithi tunaijua wote, wewe mwenyewe ulitusimulianga hapo jikoni: mtu alikuwa anakula, kinyonga akapita akaomba, mtu akamnyima, ndipo kinyonga akasema basi nyinyi mtakufa. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi sijui nini ilinisimamisha. Nikasema, "Baba, hapo hapo! Alikasirika kwa sababu alinyimwa. Kukhu alimnyima lini? Nyumba zote za hapa kwetu Isukha, kama kuna mahali kinyonga hana deni, ni hapa. Sanduku nalirithi mimi."

Wamama walishika midomo. Senje Rasoa alicheka akajifanya analia. Baba akaniangalia kutoka kipara hadi kandambili. "Shule ulitoroka, sasa unatuhubiria?" Lakini wazee walishachoka na jua, wakasema kijana apewe muda. Akanipa mpaka Jumamosi. Kama Sofia bado yuko boma hili Jumamosi, atakuja na mafuta ya taa.

Kukhu, nilijigamba mbele za watu, lakini ile wiki nilikuwa mdogo kuliko sisimizi. Sofia aligoma kula. Nilimletea panzi wa kijani, wale wa kwenye nyasi, si wa shamba lililopigwa dawa, nimekusikia. Akageuza jicho moja kwangu na jingine ukutani. Nilimnyunyizia maji kwa majani ulivyotufundisha, "kinyonga hanywi kwa sahani, yeye si mgeni wa kanisa," akalamba matone mawili akaacha. Alitambaa juu chini, juu chini, kama mtu amesahau kitu. Nikajua akifa, Baba atasema umeona, na hilo ndilo litakuwa neno la mwisho juu yako Khayega. Mshonaji aliyeuawa na vidudu vyake.

Na wale watu wako nao! Kikundi chako cha Jumamosi, wanafunzi wako wa kufuga vinyonga uliowapokea na masanduku yao ya ajabu, yule aliyelisha kinyonga ugali, yule aliyeweka madume wawili pamoja ukamwambia "hawa si Wakristo, watauana," walianza kurudisha. Walikuwa wanaweka masanduku verandani na kwenda bila salamu. Hata Mama Zuhura wa samaki, ambaye kinyonga wake alimsaidia na nzi kuliko ufagio. Alikuja ameinamisha uso. "Wallahi mwanangu, mimi sina ubaya naye. Lakini wateja wanasema samaki zangu zina matanga." Nilitaka kumjibu vibaya. Nikakumbuka alikuja kukuosha ulipolala hoi, nikapokea sanduku.

Jumamosi veranda ikajaa. Usifikirie walikuja kusoma. Walikuja kuona moto. Watoto walipanda ukuta, vijana wa baiskeli wakasimamisha biashara, Mama Zuhura akasimama pembeni na karai lake. Baba akafika na kibati cha mafuta ya taa, amevaa koti la mazishi. Nikasema, maana nilikuwa sina lingine la kusema, "Karibuni darasani." Wakacheka wote. Mimi pia nilicheka.

Nikamtoa Sofia sandukuni na tawi lake nimuage. Akashuka mpaka kwenye jani, akainua mkia, na kitu kikadondoka. Tone zito, la kunata. Kijana mmoja akapiga kelele, "Anaharisha!" Nami nikadhani hivyo hivyo, nikasema basi kwisha. Likadondoka lingine. Halafu lile la kwanza, Kukhu, likajinyoosha. Likatoa mkono. Likatoa mkono mwingine, na mkia uliokunjwa kama uzi kwenye kidole chako, na macho mawili yanazunguka kila moja na njia yake, likaanza kutembea. Dakika haijaisha tangu kuzaliwa, na tayari linatembea kwa madaha kama diwani.

Mama Zuhura akasema polepole, "Subhanallah, anazaa kama sisi." Akaweka karai chini, akawasukuma vijana nyuma. "Rudini! Mnamtazama mwenzenu na uchungu wake, hamuoni haya?" Tukahesabu watoto mpaka tukachanganyikiwa.

Sasa ngoja hapa. Mmoja alidondokea mkono wa Baba. Akapanda kwenye kidole kile kilichoshika kibati, akakikumbatia. Mtu mzima wa kanisa akasimama mkono umenyooka mbele, jasho linamtoka kipara kizima, hawezi kuweka kibati, hawezi kukung'uta. "Muchera. Muchera, kitoe." Nikasogea taratibu, nakiri nilisogea taratibu kuliko ilivyohitajika. Nikamwambia yale ulituambianga sote: "Kinyonga havutwi, Baba. Mwekee kidole, ashuke akipenda." Nikaweka changu. Mtoto alifikiri sana. Baba naye alipumua kwa pua kama ng'ombe. Mwisho kakavuka kuja kwangu, na Baba akabaki anaangalia kidole chake, pale kalipokuwa, kama kuna alama. Kibati alikipeleka nyumbani, usiku huo Mama mdogo aliwasha nacho taa.

Tangu siku hiyo wengi walirudi kuchukua masanduku yao. Mama Zuhura wa kwanza. Nafundisha mimi sasa, na bila kujisifu, nafundisha vizuri kukushinda, kwa sababu mimi siwachapi wanafunzi na futi ya kupimia. Watoto wa Sofia wengine nimewaachilia kwenye ua wa nyuma, ni wengi na kila mmoja anataka sanduku lake. Baba hajachukua hata mmoja, usidanganyike. Ila juzi nilimsikia barabarani akifukuza wavulana waliotaka kumtia kinyonga tumbaku mdomoni waone rangi. "Wacheni mama ya watu!" Sauti ilifika sokoni.

Kitu kimoja kinanisumbua, na siwezi kumwambia mtu hapa. Kama ningekutii kabisa, ningempunguzia panzi na angekufa na watoto tumboni. Nilimlisha kwa siri kwa sababu ya ubishi, si kwa akili. Wewe ulikosea, mimi nikabahatisha, tofauti yetu ni hiyo tu. Lakini ulisema kwa sauti ya kujua, na mimi nina sauti hiyo hiyo, nimeirithi pamoja na sanduku.

Basi nenda polepole, mke wangu, huko hakuna anayekukimbiza. Mimi nakuahidi kitu kigumu, mimi mwenye mdomo huu: mtu akiniletea kinyonga mgonjwa na sielewi anaumwa nini, nitasema mbele ya darasa lote, sijui. Jumamosi iliyopita nililijaribu neno hilo. Lilitoka kwa shida. Hakuna aliyecheka; walisogeza benchi tukaangalia pamoja.

Mume wako mdogo,
Muchera